Kulipia Dawa Si Kukiri Kosa

Mtaani kwetu Kisauni, Mombasa, kuna imani ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu anaiheshimu: anayetoa pesa ya dawa ndiye mwenye kosa. Bodaboda akimgonga mtoto, wenzake humnong'oneza mwendeshaji asitoe kitu. Kuku wakifa kwa sumu ya panya iliyomwagwa nyumba ya pili, mwenye sumu hasemi hata pole, kwa sababu pole yenyewe inaweza kurudishwa kesho mbele ya mzee wa mtaa: ulisema pole ya nini kama hukufanya? Naandika kuipinga imani hiyo. Nimeiona ikimwacha mnyama akilia uani huku watu wazima wakibishana nani atie mkono mfukoni kwanza, na wote waliobishana waliitaja sheria, ilhali sheria ya Kenya haisemi hivyo hata kidogo.

Shangazi yangu anaishi kwenye nyumba ya Kiswahili, ya vyumba huku na huku na ukumbi katikati, na ana paka jike aitwaye Karafuu. Ukuta wa pili kuna familia iliyohamia kutoka bara. Wana lango la chuma na mbwa wa kulinda, kwa kuwa waliwahi kuibiwa, na sikuwahi kusikia mtu akimlalamikia mbwa huyo ila kwa kubweka usiku. Alasiri moja muuza maji alisimamisha mkokoteni wake pale langoni, akaingiza mitungi, akatoka bila kurudisha komeo. Mbwa akatoka nyuma yake. Karafuu alikuwa amelala barazani kwa shangazi, kwake, hakumfuata mtu. Muuza maji mwenyewe ndiye aliyewaachanisha, alipiga mtungi mtupu chini mara kadhaa mpaka mbwa akashtuka na kurudi kwao. Paka akabaki anaburuta mguu wa nyuma.

Shangazi alipomwinua, Karafuu alimparura mkono mpaka damu ikatoka. Nitarudi kwenye mparuzo huo, maana ndio uliokuwa jambo kubwa kuliko yote siku ile na hakuna aliyeliona. Kabla ya hapo kuna jambo lazima nilitaje. Mpangaji mmoja alikuja mbio na kidonge cha Panadol, kwa moyo safi kabisa, akitaka kukivunja na kukitia kwenye maziwa. Tafadhali, usimpe paka Panadol. Ini la paka haliwezi kuivunja paracetamol kama letu, na kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinaweza kumuua.

Daktari wa wanyama alipiga picha, akasema mfupa wa paja umevunjika na unahitaji kutiwa pini. Bili ilikuwa shilingi 14,500, na nusu yake ilitakiwa kabla ya kuanza. Shangazi hupika mahamri na mbaazi alfajiri, hana shilingi elfu saba zilizokaa zikimngoja. Akanipigia simu kwa sababu nimefanya kazi ya ukarani kwa wakili mjini kwa miaka mingi, naye huamini kwamba mtu aliyechapa hati za kesi anajua kila kitu cha mahakamani.

Nilipofika nilimkuta mama wa nyumba ile ya pili amesimama nje ya lango, noti zimekunjwa mkononi. Alikuwa amemwona Karafuu akilia na uso wake ulionyesha. Hatua chache tu zilibaki afike barazani. Shemeji yake akatoka nyuma yake na kumwambia kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Mama, rudisha hiyo pesa. Ukitoa umeshakubali." Mama akasimama kidogo, akatazama chini, akarudi ndani. Sikumchukia yule shemeji. Alikuwa anailinda nyumba ya ndugu yake kwa namna aliyofundishwa na mitaa yote aliyowahi kuishi. Lakini tangu dakika ile ugomvi ulibadilika, kwa sababu mlango wa huruma ulifungwa na uliobaki wazi ni wa maneno.

Na maneno yalikuja. Upande wa pili ukasema Karafuu amekula vifaranga vyao msimu uliopita, basi wahesabiane. Upande wetu mtu mmoja akasema mbwa ni najisi na hafai kufugwa karibu na watu wanaoswali. Mwingine akaongeza kwamba watu wa bara wakija hawajui kuishi na majirani. Kufikia magharibi hapakuwa na mtu anayemzungumzia paka. Aliyeumia zaidi na maneno alikuwa muuza maji, kijana anayeuza mtungi kwa shilingi chache, ambaye pande zote mbili zilikubaliana jambo moja tu: kwamba alipe yeye. Nililiona hilo kuwa dhuluma, na bado naliona hivyo. Ni yeye pekee aliyeingia kati kumwokoa mnyama.

Sasa sheria. Nitaieleza jinsi nilivyomweleza shangazi usiku ule, bila kumficha sehemu zisizompendeza.

Mbele ya mahakama zetu paka ni mali. Si mwanafamilia, si roho inayodai, ni kitu kinachomilikiwa, na aliyeharibu mali ya mwenzake kwa uzembe hulipa hasara. Hilo linamuumiza mtu aliyemlea paka tangu hajafungua macho, kwa sababu swali la kwanza litakuwa thamani, na paka wa Kisauni hana bei sokoni. Kinachoweza kusimama ni gharama ya matibabu yenye risiti, iwe ya kiasi kinachofaa. Machozi hayana risiti.

Je, mwenye mbwa analaumika? Hapa tunarudi mbali kidogo. Sheria yetu ya mambo haya haikuandikwa Bungeni Nairobi. Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inasema majaji wetu watafuata sheria ya mapokeo ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji, pamoja na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika kule tarehe 12 Agosti 1897. Uingereza wenyewe walibadilisha kanuni zao za wanyama kwa sheria ya mwaka 1971, lakini mabadiliko hayo hayakuvuka bahari kuja kwetu. Kwa hiyo kanuni ya zamani bado ina nguvu hapa: mfugaji wa mnyama wa kawaida kama mbwa hubeba lawama moja kwa moja pale alipojua kwamba mnyama wake ana tabia ya kudhuru. Mbwa aliyewahi kuuma akashitakiwa kwa mwenyewe ni tofauti na mbwa ambaye hajawahi. Huyu wa jirani hakuwa na rekodi. Kubweka si rekodi.

Inabaki njia ya uzembe wa kawaida. Mwaka 1932 majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza waliamua kesi ya mbwa aliyeachwa ndani ya gari lililoegeshwa. Mbwa alirukaruka, akavunja kioo, kipande kikamwingia mpita njia jichoni. Mwenye gari hakupatikana na kosa, kwa sababu hakuna mtu mwenye busara ambaye angetarajia jambo hilo. Lakini katika kesi hiyohiyo majaji walisema wazi kwamba mwenye mnyama, hata asiye mkali, ana wajibu wa kawaida wa kuwa mwangalifu kwa yale yanayoweza kutarajiwa. Sasa jiulize: lango linalofunguliwa kila siku na muuza maji, muuza mboga na watoto wa shule, na ndani yake kuna mbwa asiyefungwa, je, haitarajiwi kwamba siku moja litaachwa wazi? Mimi naona inatarajiwa, na ndiyo maana nasema mzigo mkubwa ungemwangukia mwenye nyumba kuliko kijana wa maji. Hakimu anaweza kuona vingine. Shangazi angekuwa na kesi, ila isingekuwa kesi ya uhakika.

Na wale vifaranga? Hapo sheria ya zamani ina jambo ambalo lilimfurahisha shangazi hata katika huzuni yake. Mwaka 1926, katika kesi nyingine ya Uingereza, paka alivuka mpaka akaua njiwa na kuku wa jirani, na mahakama ikasema mwenye paka halipi. Ng'ombe akivuka mpaka, mwenyewe hujibu. Paka na mbwa wamekuwa nje ya kanuni hiyo, kwa sababu ni desturi ya viumbe hawa kutangatanga. Mji wa Kale una watu wengi wanaofuga njiwa darini na paka wengi kuliko njiwa, na hukumu hiyo ingewaudhi wafugaji wengi pale. Lakini ndivyo ilivyo, maadamu mwenye paka hakujua kwamba huyu wake ana uwindaji unaozidi ule wa paka wengine.

Mtu mmoja alitaka twende polisi tuandikishe kwenye OB, daftari la matukio la kituoni. Nilimzuia. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inamwadhibu anayempiga, kumtesa au kumdhulumu mnyama, na adhabu yake haizidi faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili. Kanuni ya Adhabu nayo, kifungu cha 338, inamhusu anayemuua au kumjeruhi mnyama wa mtu kwa makusudi. Makusudi ndiyo nguzo. Mtu anayemmwagia paka maji ya moto au kumlisha sumu anastahili kupelekwa kituoni, na ningekuwa wa kwanza kufuatana na mlalamishi. Lango lililosahauliwa si uhalifu.

Wala si shauri la Kadhi, ingawa mtu mmoja alilitaja. Katiba inampa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kati ya Waislamu, basi. Mahali pake ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya hasara ya mali. Mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na shauri linatakiwa limalizike ndani ya siku 60. Mshitakiwa naye anaweza kuleta madai yake ya kupinga palepale, vifaranga na vyote. Muda wa kudai hasara ya namna hii ni miaka mitatu. Shangazi aliposikia miaka mitatu alitulia kidogo. Alikuwa anadhani asipopiga kelele leo haki yake inakufa kesho, na nadhani wengi wanaopiga kelele barazani wanaamini hivyo.

Sasa narudi kwenye mkono wake. Mate ya mbwa yalikuwa bado mabichi kwenye manyoya ya Karafuu wakati kucha zilipomchana shangazi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Jambo la kwanza ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 angalau, kisha kwenda hospitali ambako ndiko huamuliwa kama chanjo inahitajika. Ili waamue vizuri wanahitaji kujua habari za mbwa: amechanjwa lini, yuko wapi, na kama anaweza kuangaliwa kwa siku 10 kuona akibaki mzima. Yote hayo yamo kwa mwenye mbwa. Nilipobisha hodi na kuomba kadi ya chanjo, shemeji alinijibu mlangoni kwa adabu kwamba hawatatoa karatasi yoyote mpaka wapate mshauri, isije ikatumiwa dhidi yao.

Nisome polepole hapa, msomaji wangu. Mwanamke wa umri wa shangazi alikuwa na jeraha linaloweza kuwa la kifo, na karatasi ya kumtuliza ilikuwa hatua chache kutoka kwake, ndani ya droo, imefichwa kwa sababu ya imani ile ile: ukitoa, umekubali. Shangazi aliosha mkono, tukapanda tuktuk, akaanza chanjo bila kungoja. Kadi ilipatikana baadaye, na mbwa alikuwa amechanjwa kwa wakati. Kadi ile ingewatetea wao wenyewe. Ilikuwa ushahidi kwamba ni wafugaji waangalifu.

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, ndicho ningependa kila mzee wa mtaa akijue kwa moyo. Kinasema katika mashauri ya madai, kukiri kokote hakuwezi kuletwa kama ushahidi ikiwa kulifanywa kwa sharti la wazi kwamba kusitumiwe hivyo, au katika hali inayoonyesha pande zote mbili zilikubaliana hivyo. Maana yake kwa watu wa barazani ni kwamba unaweza kutoa pesa ya dawa leo, ukaandika kwamba unatoa kwa ujirani bila kukiri kosa na kwa sharti kwamba isitumiwe kama ushahidi, na karatasi hiyo haitageuzwa kuwa kamba ya kukufungia. Anayepokea naye hapotezi haki ya kudai, isipokuwa aandike kwamba amemaliza. Matibabu na lawama ni vitu viwili. Kimoja kina haraka, kingine kinaweza kungoja miaka mitatu.

Wasomi wa dini watanikumbusha kwamba jambo hili ni la kale kuliko Waingereza. Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, inasimulia Nabii Daudi na Nabii Suleiman wakihukumu kondoo wa watu walioingia konde usiku wakalila. Katika tafsiri zilizopokewa kutoka kwa Ibn Abbas, Daudi aliona kondoo wapewe mwenye konde. Suleiman akaona vingine: mwenye konde awachukue kondoo anufaike na maziwa na sufu yao, na mwenye kondoo alilime konde mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Aya inasema Suleiman ndiye aliyefahamishwa, lakini wote wawili walipewa hukumu na elimu. Kinachonigusa ni kwamba katika hukumu ile hakuna aliyevuliwa mali yake. Konde lilitengenezwa, kondoo wakarudi kwa mwenyewe, na majirani wakabaki majirani.

Asubuhi iliyofuata mzee wa mtaa alituita sote. Nilikuja na karatasi moja niliyoiandika kwa mkono, nakala mbili, mistari michache. Ilisema hivi: "Sisi majirani tumekubaliana kwamba jirani wa kwanza atachangia shilingi 7,000 kwa matibabu ya paka wa jirani wa pili. Mchango huu ni wa ujirani. Si kukiri kosa, na pande zote zimekubali kwamba karatasi hii na maneno yaliyosemwa leo havitatumiwa kama ushahidi wa kosa katika shauri lolote. Haki ya kila upande kudai inabaki kama ilivyo." Mstari wa mwisho tuliuongeza palepale kwa ombi la shangazi: lango litawekwa springi ya kujifunga lenyewe. Muuza maji hakutajwa, na niliomba kwa mkazo asitajwe.

Shemeji aliisoma mara mbili, akauliza kama ina nguvu kweli. Nikamwonyesha kifungu kwenye simu. Akauliza kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia. Kisha yeye mwenyewe akaenda ndani kumwita yule mama, naye akatoka na noti zilezile, bado zimekunjwa vivyo hivyo, akampa shangazi mkononi na kusema pole. Shangazi akajibu, "Ahsante mwanangu, na mbwa wako naye apone na fitina hizi." Sehemu iliyobaki ya bili tuliichanga sisi jamaa kwa simu.

Karafuu anatembea akichechemea. Shangazi hajafungua shauri na hajasema kwamba hatafungua, na sijamsukuma upande wowote, kwa kuwa ni haki yake. Swali la nani alikosa halikujibiwa pale barazani. Mzee wa mtaa hana mamlaka ya kulijibu, ingawa Katiba, ibara ya 159, inawataka hata mahakimu waipe nafasi njia ya upatanisho.

Mzee aliomba nakala tupu ya karatasi ile, akaanza kuitumia. Mara ya kwanza ilishindikana. Mbuzi wa mama mmoja upande wa Mlaleo aligongwa na bodaboda, akavunjika mguu wa mbele, na mwendeshaji akakataa kutia sahihi akisema bima yake italipa. Nilipoulizwa nikaeleza kwamba bima ya lazima chini ya Sura ya 405 ni ya vifo na majeraha ya watu, na mbuzi si mtu, kwa hiyo aangalie kama aliongeza kinga ya mali ya wengine. Hakuwa ameongeza. Mwenye mbuzi amehifadhi risiti ya daktari wa mifugo na namba ya pikipiki, mwendeshaji ameitwa tena barazani Jumamosi baada ya alasiri, na safari hii karatasi itakuwa imeandikwa kiasi anachoweza kulipa kwa wiki.